Anti wa Safari: Lisbon kwa siku moja, dhahabu ya Kilwa na foleni za Sintra

Jamani mwezi huu sijui Lisbon kuna nini, manake nusu ya meseji mlizotuma ni za huko huko, wa mikutano wamo, wa masomo wamo, wa hija wamo, na wengine mnaenda tu kula bata. Na karibu wote mnauliza kitu kimoja, nilipie ziara ya kuongozwa au nijizungukie mwenyewe? Nimechagua chache, msiojibiwa msininunie, ukurasa ndo huu huu mmoja.

Anti habari. Niko Dar, ofisini wananipeleka mkutanoni Lisbon. Mkutano unaanza Jumanne ila natua Jumapili jioni, kwa hiyo Jumatatu yote ni yangu. Nimeona onlaini ziara ya siku nzima, Belém asubuhi halafu Sintra, Cabo da Roca na Cascais, na muongozaji juu, euro 75. Inalipa au napigwa? – Mwajiriwa, Tabata

Nzuri mdogo wangu, hongera kwa safari. Kupigwa siyo sana, ila rudia kulisoma hilo tangazo taratibu halafu hesabu wameandika "kupita" mara ngapi na "kuingia" mara ngapi. Hizi ziara za sehemu nne kwa siku zinaenda hivi: gari la watu nane linazunguka mahotelini kuokota watu kuanzia saa mbili asubuhi, hapo lisaa limeshaliwa na foleni za mjini, mnafika Belém, ule mtaa wa kando ya mto, mnashuka dakika ishirini, picha nje ya monasteri ya Jerónimos, picha nje ya mnara, haya pandeni twende. Na wewe siku yako ni Jumatatu! Jumatatu Jerónimos wanafunga, na makumbusho mengi ya serikali pia, na muuzaji anajua hilo vizuri kabisa ndo maana kaandika mtapita. Mnara wenyewe wa Belém nao ulifungwa 2025 kwa ukarabati, kwa hiyo ziara yoyote inayoutaja usiilipie mpaka uangalie kwanza kama wameshafungua.

Sintra sasa ndo penyewe. Ni mji mdogo wa milimani magharibi mwa Lisbon, wafalme walikuwa wanakimbilia huko joto likizidi mjini, na UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1995. Lile kasri jekundu na njano unaloliona kwenye picha za kila mtu ni Pena, alilijenga miaka ya 1840 Ferdinand, mwanamfalme wa Kijerumani aliyemuoa malkia wa Ureno, alikuta pale mabaki ya monasteri akaanzia hapo akaendelea kuongeza kila kilichompendeza, kuba hapa, mnara pale, vigae, majini wa kuchongwa juu ya mlango. Kuingia ndani ni kwa tiketi yenye saa yake maalum, ukichelewa imekula kwako, na ukishapita geti bado kuna mlima wa kupanda mpaka mlangoni. Ziara nyingi za bei hiyo zinakupa bustani tu au hazikupi hata hiyo, ndani ni hela nyingine, na ukiwa na gari la watu nane hamuwezi kukubaliana wote saa ya kuingia ni ipi kwa hiyo mnaishia kusubiriana. Halafu magari binafsi yamezuiwa kwenye barabara nyingi za kule juu, kwa hiyo hata ile raha ya kushushwa mlangoni usiitegemee sana.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Panda treni pale stesheni ya Rossio katikati ya jiji, dakika kama arobaini umefika Sintra, ondoka mapema kabisa manake Jumatatu kila aliyekuta Jerónimos imefungwa anawaza Sintra kama wewe. Nje ya stesheni kuna basi namba 434 linalopanda mpaka Pena. Tiketi ya kasri inunue onlaini kabla hujatoka Dar, chukua saa ya kwanza ya asubuhi. Ukishuka, nenda kwa miguu Quinta da Regaleira, bustani ya tajiri mmoja ambaye alichimba kitu kinaitwa kisima lakini hakijawahi kuchotwa maji, ni ngazi za kuzunguka zinashuka chini mita 27 halafu unatokea kwenye mahandaki ya giza. Watu wanaweka foleni kwa ajili ya selfi ya pale chini ukiangalia juu, ila kwa kweli inastahili.

Ukibaki na nguvu, yapo mabasi ya kawaida ya kutoka Sintra kwenda Cascais yanayopitia Cabo da Roca, ile ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya. Pale ni jiwe lenye msalaba, mnara wa taa, genge la mita kama 140 kwenda baharini na upepo wa kukuvua kilemba. Nusu saa inatosha. Cascais unakula samaki ufukweni na kurudi Lisbon kwa treni hadi Cais do Sodré, dakika arobaini nyingine. Na beba sweta hata kama ni Julai na Lisbon watu wanatoka jasho, Sintra ukungu ukishuka unaweza kusimama mbele ya kasri usilione.

Nauli zote hizo za treni na mabasi hazifiki hata nusu ya hizo euro 75. Mimi huwa namlipa muongozaji anieleze, kunibeba siyo kazi yake kama treni ipo. Hiyo hela itunze, Jumatano au Alhamisi mkutano ukitoa upenyo chukua mtu wa kukutembeza kwa miguu Alfama na Baixa, mitaa ya katikati ya jiji, saa mbili tatu, hapo ndo maelezo yanahitajika. Bila mtu wa kukwambia, wewe utaona tu mitaa ya Baixa imenyooka na nyumba zimefanana, basi. Akikwambia kwamba asubuhi ya 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote watu wako makanisani na mishumaa inawaka, ardhi ikatetemeka, makanisa yakaangukia waumini, waliokimbilia ukingo wa mto wakafuatwa na bahari, na waliobaki moto ukawakuta, halafu waziri wa mfalme, ndo huyo Marquês de Pombal mwenye sanamu kubwa, akaamuru mji uchorwe upya kwa rula, hapo unainua kichwa unaziangalia zile nyumba vingine kabisa. Na lile kanisa la Carmo ambalo halina paa mpaka leo utaelewa kwa nini hawajaliezeka.

Van ichukue kama una watoto wadogo au wazazi, hapo sibishani na mtu.

Salaam anti. Mimi kijana wa Mombasa, Mji wa Kale, nasoma Porto na wikendi nataka kushuka Lisbon. Nimekua nikiiona Fort Jesus kila siku, sasa nataka nione walikotoka Wareno walioijenga. Rafiki yangu alifanya ziara ya Belém akasema ni Vasco da Gama masaa matatu, sifa tupu. Kuna ziara inayotusema na sisi? – Mwana wa Mombasa

Salaam mwanangu, swali lako limenifurahisha mpaka nimekupa nafasi kubwa kuliko wenzio, watanisamehe.

Rafiki yako hajadanganya. Ziara ya kawaida ya Belém inasema meli ziliondoka pale 8 Julai 1497, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, halafu hao, Calicut, 20 Mei 1498. Hapo katikati ni kama bahari ilikuwa tupu. Ukisikia hivyo nyosha mkono tu kwa adabu, uliza, Mombasa alifika lini? Alifika 7 Aprili 1498 na hakukaa salama, akasogea Malindi ambako mfalme alimpokea kwa sababu zake mwenyewe, alikuwa hapatani na Mombasa, na ni Malindi walikompa rubani aliyeijua njia ya kuvuka kwenda India. Rubani! Yaani wale jamaa wa sanamu zote hizo walivushwa na mtu waliyepewa Malindi. Na wakati wa kurudi watu wameshakufa wengi kwa maradhi, mabaharia hawatoshi, wakaichoma moto meli yao moja, São Rafael, pwani ya kwetu huku upande wa Tanga. Waongozaji wengine wanayajua haya yote ila hawayasemi mpaka waulizwe, manake kundi lina haraka ya kwenda kula keki.

Jerónimos yenyewe ni nzuri, siwezi kukuongopea. Ilianza kujengwa 1501 au hapo hapo, kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na hela yake ilikuwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia kanisani, chini ya roshani, mkono wa kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, limechongwa meli na kamba, yeye amelala juu na mikono ameikutanisha. Alifia Cochin, India, 1524, mifupa ililetwa pale karne ya 19. Mkono wa kulia amelala Camões, mshairi aliyeitunga ile safari yote kwa beti, na Mombasa na Malindi zimo humo, Mombasa imepakwa matope na Malindi imesifiwa, utajua mwenyewe kucheka au kununa. Nguzo za mle ndani zimefumwa kamba za mawe na majani na mafundo ya mabaharia, simama pale katikati uangalie juu bila simu mkononi japo dakika tano.

Ule mnara mwingine mrefu wa sanamu kando ya mto, Padrão dos Descobrimentos, wengi wanadhani ni wa kale. Wa kale wapi, ule wa sasa ni wa 1960, enzi za dikteta wao Salazar, wakati makoloni bado wanayo na wanataka kuonyesha dunia kwamba ni haki yao. Mita 52. Pale chini kuna ramani kubwa ya dunia ya marumaru na dira yake, zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati ule, na unajua ile ilikuwa serikali gani. Watoto wanakimbia juu yake, wewe tafuta pwani yako usimame hapo.

Lakini kitu chetu hasa hakipo Belém, na ndo maana ziara zinakipita. Kiko Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, njiani kati ya Belém na katikati ya jiji. Ndani kuna chombo cha kanisa kinaitwa Custódia de Belém, kile ambacho Wakatoliki wanaweka hostia iabudiwe. Kimo kama sentimita 70 na kitu, dhahabu na rangi za kuyeyushwa juu yake, mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kwenye duara, kila mmoja na uso wake, na juu yao njiwa mweupe ananing'inia. Alikitengeneza sonara Gil Vicente. Sasa inama uangalie kwenye kitako, kuna maandishi yanazunguka, yanasema Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quilua, kikamalizika 1506.

Quilua ndo Kilwa yetu, Kilwa Kisiwani, Lindi.

Vasco da Gama safari yake ya pili, 1502, alifika Kilwa na mizinga akamwambia mtawala, Amir Ibrahim, utoe kodi kwa mfalme wa Ureno au nauchoma mji. Ikatolewa. Dhahabu hiyo ilikuwa imetoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, ikapanda na majahazi hadi Kilwa, ndo biashara iliyojenga ule msikiti mkubwa na kasri la Husuni Kubwa. Na kodi wenyewe wametoa lakini haikuwasaidia, 1505 akaja Francisco de Almeida na meli nyingi akaupora mji wa Kilwa, akaondoka hapo akaja kwenu Mombasa mwezi Agosti akauchoma. Fort Jesus unayoiona wewe ilikuja baadaye sana, 1593. Kwa hiyo dhahabu ya kwetu imekaa kwenye kioo Lisbon, na tofauti na vitu vingi kwenye makumbusho ya Ulaya hiki kimeandikwa chenyewe kilikotoka, hamna cha kubisha. Nilikiangalia muda mrefu hadi mlinzi akaanza kuniangalia mimi.

Kabla ya kwenda hakikisha kwenye tovuti yao kama wako wazi na kama chombo kipo kwenye onyesho, makumbusho ya Lisbon siku hizi yanakarabatiwa kwa zamu, na Jumatatu usijisumbue kabisa.

Ziara inayotusema ipo. Kuna Waafrika wanaoishi Lisbon wanaotembeza watu kwa miguu kuelezea Lisbon ya Waafrika, tafuta hivyo hivyo onlaini utawapata, soma maoni ya waliotangulia. Wanakupeleka Largo de São Domingos karibu na Rossio, ambapo mpaka leo jioni wazee wa Guinea-Bissau na wengine wanakusanyika kupiga soga na kuuza kola, na Rua do Poço dos Negros, mtaa wenye jina la shimo ambalo Mfalme Manuel huyo huyo aliagiza lichimbwe kutupia maiti za watumwa. Hiyo ilipie bila kuuliza mara mbili. Na ukiwa na muda wa ziara moja tu wikendi yako, iwe hiyo, Jerónimos utajiingiza mwenyewe.

Tumsifu Yesu Kristu anti. Tuko kina mama kumi na wawili wa jumuiya huku Moshi, tunajichanga twende Fátima. Wakala ametupangia kulala Lisbon siku nne, na Fátima tunaenda siku moja kwa basi pamoja na Batalha, Nazaré na Óbidos, tunarudi jioni. Padre anasema inatosha. Unasemaje? – Katibu wa kikundi

Milele amina mama. Na padre simpingi, ila hapa ngoja niseme na nyie kama mwanamke kwa wanawake.

Hiyo ziara ya vituo vinne ni nzuri kwa mtalii. Kwa mtu aliyejichanga toka Moshi kwenda kusali hapana. Fátima iko kama kilomita 120 na kitu kaskazini mwa Lisbon, basi saa moja na nusu. Mkishaweka na vituo vingine vitatu, Fátima mtapata saa moja na nusu, mbili mkibahatika, na humo humo kuna chooni, kuna duka la rozari, kuna mama mmoja kapotea anatafutwa. Misa mtaipata kwa kukimbia. Na kitu chenyewe ambacho watu wanalia machozi hamtakiona, maandamano ya mishumaa, saa tatu na nusu usiku, kuanzia Pasaka mpaka Oktoba, wakati huo nyie mko hotelini Lisbon mmevua viatu.

Mwambieni wakala alazimishe usiku mmoja, ikiwezekana miwili, Fátima kwenyewe. Pale hoteli na nyumba za watawa ziko tele, mnatembea kwa miguu mpaka kwenye uwanja. Isipokuwa tarehe 12 na 13 za miezi ya Mei mpaka Oktoba, hapo mji unafurika hasa Mei na Oktoba, vyumba vinaisha mapema sana, manake matokeo ya Bikira Maria kwa wale watoto watatu yalianza 13 Mei 1917 na ya mwisho 13 Oktoba mwaka huo huo. Mkitaka umati nendeni tarehe hizo, mkitaka kusali kwa nafasi nendeni katikati ya wiki nyingine yoyote.

Mkifika, mtaona njia ndefu ya marumaru inayoshuka kwenda Kikanisa cha Matokeo na watu wanaitembea kwa magoti, wengine wamefunga vitambaa magotini, wengine mume anamshika mke mkono. Msilazimishane, mwenye magoti mabovu Mama Maria anamjua. Pembeni kuna sehemu ya kuwashia mishumaa, na siyo mishumaa ya kwenye birika la mchanga mliyozoea, ni moto wa kweli, nta inayeyuka inamwagika chini na joto linakufukuza, na watu wanatupia viungo vya mwili vya nta, mguu, titi, kichwa cha mtoto, kile walichoombea. Mnaponunua mshumaa chukueni mrefu, mfupi utawaunguza vidole.

Watoto watatu wote wamezikwa kwenye basilika la zamani, Francisco na Jacinta walitangazwa watakatifu na Papa Fransisko 13 Mei 2017. Ile risasi iliyompiga Papa Yohane Paulo wa Pili 1981 imewekwa kwenye taji la sanamu ya Bikira Maria, ila siku za kawaida taji hilo liko kwenye makumbusho ya hapo hapo, sanamu haivai, kwa hiyo ulizeni muongozaji awapeleke. Wengi wanakaza macho kwenye sanamu wanarudi wanasema tumeona risasi.

Kuhusu usafiri, mkiamua kwenda wenyewe pandeni mabasi ya kituo cha Sete Rios. Msimsikilize mtu wa treni, stesheni inayoitwa Fátima iko mbali na Fátima, kilomita kama 20, mtajikuta mnatafuta teksi kumi na wawili porini. Nazaré na Óbidos ziwekeni siku ya kurudi Lisbon, Nazaré ndo kwenye yale mawimbi makubwa ya kutisha, mwaka 2020 kuna Mjerumani aliteleza kwenye wimbi la mita 26, lakini hayo ni ya majira ya baridi, Agosti mtakuta watu wanaoga tu. Óbidos watawapa pombe ya cheri kwenye kikombe cha chokoleti. Hiyo siri yenu.

Assalamu alaykum dada. Sisi Wazanzibari tuko Muscat, tunaenda Lisbon familia nzima na bimkubwa wetu, goti linamsumbua anatembea na mkongojo. Wenye ziara wanasema mji wote ni milima. Na chakula cha halali kikoje? – Baba wa familia

Waalaykum salaam kaka yangu, msalimie bimkubwa, mwambie shikamoo yake naileta hapa hapa.

Milima ni kweli, na mawe ya barabarani yanateleza yakiwa makavu, yakilowa usiseme. Ziara ya miguu ya Alfama kwake hapana. Ila Lisbon imejaa bajaji za watalii, nyingi za umeme, zinapanda vichochoro vyote mpaka vilimani kwenye kuona mji, na dereva ndo muongozaji wenu. Bei ni ya gari zima kwa saa, inaweza kuwa makumi ya euro, msiogope kupatana, nyie si watu wa Darajani? Semeni kabla ya kupanda ni dakika ngapi na mtashuka wapi, wengine wakiona familia wanafupisha. Kwenda ngome ya São Jorge kuna basi dogo la mji, 737, linatoka Praça da Figueira, na kuna lifti za bure za kupandia toka Baixa, muulizeni mtu yeyote Elevador do Castelo. Ile ngome ilikuwa ya Waislamu mpaka 1147, na mtaa wa chini yake bado unaitwa Mouraria, hata jina Alfama ni la Kiarabu, bimkubwa atapenda kusikia. Zile treni ndogo za kupanda kilima, ile ya Glória iliua watu 16 kwa ajali Septemba 2025, kwa hiyo ziara ikiwa bado inaitangaza jua tangazo ni la zamani, waulizeni na mengine waliyoandika.

Halali ipo tele Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, Wabangladeshi wamejaa pale, na ni karibu na katikati. Tatizo ni chakula cha mchana cha ziara. Samaki wa kuchoma hawana neno, ila ile supu ya kijani wanayoisifia kila mahali huwa wanaidumbukizia kipande cha soseji ya nguruwe, tena mara nyingi haijaandikwa, na ule mkate wa nyama unaoitwa bifana ni nguruwe mtupu. Mwambieni wakala kwa maandishi, na kwa mhudumu "sem porco" inatosha. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, waanzilishi wake wengi ni Waislamu waliotoka Msumbiji. Mkienda Juni magharibi inaingia kama saa tatu usiku, pangeni usingizi wa watoto.

Sasa anti, hizi ziara za bure Lisbon ni za bure kweli ama kuna mchezo? Na niko na uoga wa wezi wa mfukoni. – Msichana wa Nairobi

Poa sana. Ya bure kulipia mwanzoni, mwisho kofia inapita. Muongozaji anaishi kwa hiyo bahashishi, na wengine inabidi wamlipe mwenye kampuni kwa kila kichwa, kwa hiyo ukitembezwa masaa mawili na nusu halafu ukachomoka kona ya mwisho umemtia hasara. Weka euro kumi kama amekufurahisha. Faida yake ni kwamba mtu huyu lazima achekeshe na aeleweke la sivyo analala njaa, wengi wako vizuri kuliko wa kulipiwa kabla. Hasara, kundi linaweza kuwa watu thelathini na wewe uko nyuma unasikia upepo.

Wezi wapo na hawana fujo, wanapenda tramu namba 28, ile ya njano ya kwenye picha, watu wamebanana na kila mtu anachungulia dirishani. Panda asubuhi sana, mkoba mbele, simu usiishike mlangoni. Mjini Rua Augusta kijana atakunong'oneza anauza bangi, ni majani ya bay yamegandamizwa, wenyeji wanacheka tu, wewe pita.

Na kitu cha mwisho maana hiki kinawaliza wengi kuliko wezi. Muongozaji akishawaacha mgahawani, mhudumu ataleta mkate, zeituni, jibini, hata kabla hujaagiza, utadhani ni ukarimu. Kila ulichogusa kiko kwenye bili. Ukisema hutaki anavirudisha bila kununa, ila ukimega hata kipande cha mkate, umenunua.